Kabla ya Kuihukumu Pampu: Uchunguzi wa Njia ya Mafuta katika Gari Kuukuu la Dizeli

Katika shule nyingi za sekondari zilizo mbali na miji, gari kuukuu la dizeli ndilo linalobeba kila kitu: mahindi ya jikoni, saruji ya ujenzi, na usiku wa manane mwanafunzi aliyezidiwa na homa, ili afikishwe hospitali. Gari hilo likigoma, shule nzima husimama.

Chukulia mfano wa gari moja la namna hiyo: Land Rover ya Series III, yenye injini ya dizeli ya lita 2.25. Magari ya muundo huo yalitengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985, na baadhi yake yangali yakitembea hadi leo. Gari la mfano huu ni la shule iliyoko Nyanda za Juu za Kusini nchini Tanzania. Asubuhi haliwaki mpaka stata ipigwe mara nyingi. Likishawaka hutembea vizuri kwenye tambarare, lakini likianza kuupanda mlima Kitonga nguvu hupungua, injini hukohoa, kisha huzima. Dereva hufungua boneti, hupampu mafuta kwa mkono, na safari huendelea. Fundi anapoelezwa dalili hizo hujibu kwa maneno mawili, hata kabla ya kushika spana: “Pampu imekwisha.”

Huenda fundi akawa amesema kweli. Lakini injekta pampu ni kifaa cha ghali kuliko vyote katika njia ya mafuta, na fedha pekee zilizopo ni zile zilizotengwa kununulia kemikali za maabara. Ikinunuliwa pampu na hitilafu ikabaki palepale, shule itakuwa imekosa gari na maabara pia. Swali lililo mbele ya mkuu wa shule, basi, ni hili: je, iko njia ya kujua badala ya kubahatisha?

Njia hiyo ipo. Wala si siri ya mafundi, bali ni fizikia ile ile inayofundishwa darasani.

INJINI ISIYO NA CHECHE

Injini ya petroli huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huvuta hewa tupu na kuigandamiza mpaka ipate joto kali. Ndipo mafuta hunyunyizwa ndani ya silinda, nayo huwaka yenyewe. Katika injini ya mfano huu, hewa hugandamizwa hadi kuwa sehemu moja ya 23 ya ujazo wake wa mwanzo, na halijoto yake hupita digrii 500 za Selsiasi. Plagi zilizomo ni za kupashia joto tu wakati wa kuwasha. Injini ikishanguruma hazina kazi tena.

Kwa hiyo injini ya dizeli ya zamani huhitaji mambo matatu tu: hewa ya kutosha, mgandamizo wa kutosha, na mafuta yanayofika kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Katika mambo hayo matatu, la mwisho ndilo gumu, na limekuwa gumu tangu mwanzo. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliomba hataza ya injini yake mwaka 1892, na injini yake ya kwanza iliyofaulu ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897. Mafuta yake yalipulizwa ndani ya silinda kwa hewa iliyoshindiliwa, na mtambo wa kushindilia hewa hiyo ulikuwa mzito mno kuwekwa katika gari. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1927, kampuni ya Robert Bosch ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma mafuta yenyewe, ndipo dizeli ikaingia barabarani kwa nguvu.

SAFARI YA MAFUTA

Anayetaka kuitafuta hitilafu hana budi kwanza kuijua njia. Katika gari la mfano huu mafuta hupita katika sehemu nane. Ya kwanza ni tangi pamoja na mfuniko wake. Ya pili ni bomba la kuvutia, ambalo aghalabu huwa na vipande vya mpira katikati. Ya tatu ni pampu ya kuvutia mafuta, ambayo mafundi huiita fidi pampu. Hii huendeshwa na injini, tena ina wenzo mdogo wa kupampia kwa mkono. Ya nne ni bomba liendalo kwenye chujio, na ya tano ni chujio lenyewe, lenye karatasi ndani. Ya sita ni injekta pampu, inayopima mafuta na kuyagawia silinda nne kwa zamu. Ya saba ni mabomba manne membamba ya chuma. Ya nane ni nozeli, zinazoyageuza mafuta kuwa ukungu ndani ya silinda.

Sehemu hizi hazifanyi kazi katika hali moja. Kutoka tangi hadi fidi pampu mafuta huvutwa. Kutoka fidi pampu hadi injekta pampu husukumwa kwa nguvu ndogo. Kutoka injekta pampu hadi nozeli husukumwa kwa nguvu kubwa mno: nozeli ya injini hii hufunguka pale tu kanieneo, yaani kani inayokandamiza kila eneo, inapofikia kama mara 135 ya kanieneo ya hewa ya kawaida.

Kiasi kinachosukumwa kila mara ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani, na mwanafunzi anaweza kukikadiria mwenyewe. Tuseme gari linakwenda kilomita 60 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, na linatumia lita moja kwa kila kilomita 10. Kwa saa moja litatumia lita 6, yaani milimita za ujazo 6,000,000. Injini ya silinda nne yenye mapigo manne hunyunyiza mafuta mara mbili kwa kila mzunguko. Hiyo ni mara 5,000 kwa dakika, au mara 300,000 kwa saa. Ukigawanya utapata milimita za ujazo 20 kwa kila mnyunyizo. Tone moja la maji ni kama milimita za ujazo 50. Basi gari zito, pamoja na mzigo wake wote, huendeshwa na vipimo visivyofika nusu ya tone.

Ili kupima kiasi kidogo hivyo, vyuma vya injekta pampu vimesuguliwa mpaka nafasi iliyo kati yake ikawa mikroni chache tu, ilhali unywele wa mtu una unene wa makumi ya mikroni. Tena havina oili ya kuvilainisha ila dizeli yenyewe inayopita. Chembe ya mchanga isiyoonekana kwa macho, au tone la maji, ni adui mkubwa kwa vyuma hivyo.

HEWA, MGENI ASIYEALIKWA

Adui wa tatu ni hewa, naye ndiye anayewapoteza wengi kwa kuwa haachi alama.

Kila mtoto aliyewahi kunywa maji kwa bua la jani la mpapai anaijua habari hii. Bua likiwa zima, maji hupanda. Likiwa na tundu dogo juu ya maji, mtoto hufyonza hewa wala maji hayafiki kinywani. Na hakuna hata tone linalovuja nje kwenye tundu hilo. Mtoto hayavuti maji kwa hakika. Yeye hupunguza kanieneo ndani ya bua, na hewa ya nje ikakandamiza uso wa maji na kuyapandisha. Palipo na tundu, hewa hupata njia ya mkato.

Fidi pampu hufanya kama mtoto yule. Upande wa kuvuta, kanieneo ya ndani ni ndogo kuliko ya nje. Kwa hiyo ufa huingiza hewa badala ya kutoa mafuta. Bomba hubaki kavu kabisa, na mtu anayetafuta mahali palipolowa atapita juu ya hitilafu mara kumi asiione. Upande wa kusukuma mambo ni kinyume chake: ufa hutoa mafuta nje, na unyevu wenye vumbi huonyesha mahali pake. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya uchunguzi: upande wa kuvuta, mvujo huwa mkavu, upande wa kusukuma, mvujo huwa wa maji.

Madhara ya hewa huonekana wazi kwa Kanuni ya Boyle, isemayo kwamba halijoto isipobadilika, ujazo wa gesi ukipunguzwa nusu kanieneo yake huongezeka maradufu. Chukulia povu la hewa la milimita za ujazo 40 limenaswa katika bomba la nozeli. Pampu ikisukuma milimita zake 20, povu litapungua hadi 20, na kanieneo itapanda kuwa mara mbili tu ya ile ya hewa. Inayohitajika ni mara 135. Nozeli haifunguki, na silinda haipati kitu. Dizeli ingekuwa peke yake isingekubali kubanwa hivyo, na kanieneo ingepanda mara moja. Ndiyo maana gari lililoishiwa mafuta kabisa haliwaki hata likijazwa tangi, mpaka hewa iliyoingia itolewe. Mafundi husema gari “limeshika upepo”, nao wanasema kweli.

MOSHI UNASEMA NINI

Kabla ya kufungua nati yoyote, yafaa kuutazama moshi wakati stata inapopigwa. Usipotoka moshi hata kidogo, mafuta hayafiki kwenye silinda. Tatizo ni la njia. Ukitoka moshi mweupe nayo injini haiwaki, mafuta yanafika lakini hayaungui: huenda plagi za kupashia joto hazifanyi kazi, mgandamizo ni mdogo, wakati wa kunyunyiza umepotoka, au mafuta yana maji. Moshi mweusi gari likiwa na mzigo huonyesha mafuta mengi kuliko hewa. Aghalabu kisafisha hewa kimeziba au nozeli inadondosha badala ya kunyunyiza. Moshi wa buluu ni wa oili ya injini, nao hauhusiani na njia ya dizeli.

Kwa kutazama tu, mchunguzi amekwisha kuondoa nusu ya mashaka bila ya gharama yoyote.

Lipo pia jambo dogo ambalo limewaaibisha wengi. Magari haya huzimwa kwa kuvuta waya unaoufunga mkono mdogo juu ya injekta pampu. Waya huo ukikwama usirudi, pampu hubaki imefungwa na gari haliwaki kamwe. Uangaliwe kwanza.

KUIGAWA NJIA KATIKATI

Mtu anayekagua sehemu nane, moja baada ya nyingine tangu tangi, anaweza kuhitaji majaribio saba. Anayepima karibu na katikati hutupa nusu ya njia kila mara: nane huwa nne, nne huwa mbili, mbili huwa moja. Majaribio matatu yanatosha. Kanuni ya pili ya uchunguzi ndiyo hii: pima katikati, na badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha chujio, mpira na pampu kwa siku moja, gari likapona, hajui kilichoponya. Na fedha alizotumia haziwezi kumfundisha kitu.

Katika gari la shule, katikati ni juu ya chujio, palipo na skrubu ya kutolea hewa. Mwalimu wa fizikia na dereva waifungue skrubu hiyo kidogo, kisha dereva apampu kwa ule wenzo wa mkono. Wenzo ukiwa mlegevu usiosukuma kitu, huenda injini imesimama pabaya na kuushika. Izungushwe kidogo, kisha ajaribu tena. Matokeo yanayowezekana ni matatu. Mafuta yakitoka kwa nguvu bila mapovu, upande wa nyuma ni mzima na hitilafu iko mbele. Yakitoka kidogo na kwa shida, kuna kizuizi au fidi pampu imechoka. Yakitoka na mapovu yasiyokwisha hata baada ya kupampu kwa muda mrefu, hewa inaingia upande wa kuvuta.

Katika mfano huu yanatoka mapovu, wala hayakomi. Hilo ni jaribio la kwanza, na tayari injekta pampu haina tena sababu ya kuwa mshukiwa wa kwanza.

Jaribio la pili: kipande cha mpira mwangavu kiungwe kabla tu ya fidi pampu, injini iwashwe, na mafuta yatazamwe yakipita. Mapovu yanaonekana humo, kama shanga zilizotungwa. Basi fidi pampu na vilivyo mbele yake havina lawama. Hewa inaingia nyuma yake.

Jaribio la tatu: bomba la kuvutia lifunguliwe kwenye tangi, na ncha yake itiwe katika kidumu cha dizeli safi. Kama kosa ni la tangi, mapovu yatakoma. Kama ni la bomba, yataendelea. Yanaendelea.

Sasa mkono unajua pa kupapasa. Chini ya gari, mahali ambapo mpira umebanwa na klipu, upo ufa mwembamba unaofunguka mpira unapopindwa. Ni mkavu kabisa. Ukipakwa grisi nzito, mapovu yanapungua. Ishara kwamba mwizi amepatikana. Kinachohitajika ni kipande cha mpira wa dizeli kisichofika urefu wa mkono, na klipu mbili.

Yafaa hapo mchunguzi asishangilie upesi, bali aulize kama maelezo yake yanazitosheleza dalili zote. Kwa nini gari halikuwaka asubuhi? Kwa kuwa usiku kucha hewa iliingia kwenye ufa na mafuta yakarudi tangini, lililo chini. Kwa nini lilizima mlimani? Kwa kuwa injini yenye mzigo hutaka mafuta mengi zaidi, fidi pampu huvuta kwa nguvu zaidi, na ufa huingiza hewa nyingi zaidi. Kwa nini liliwaka tena baada ya kupampu? Kwa kuwa dereva alilijaza bomba upya kwa mkono. Sababu moja inaeleza mambo matatu. Hiyo ni dalili ya maelezo mazuri. Lakini ushahidi wa mwisho ni utabiri: mpira ukishabadilishwa na hewa ikatolewa, gari linapaswa kuwaka asubuhi kwa stata moja na kuupanda Kitonga bila kukohoa. Lisipofanya hivyo, uchunguzi unaanza upya bila ya haya.

WASHUKIWA WENGINE

Si kila gari huugua ugonjwa huo. Mfuniko wa tangi una tundu dogo la kuingizia hewa mahali pa mafuta yaliyotumika. Tundu likizibwa na matope, hewa iliyomo tangini hutanuka na kanieneo yake hushuka. Tuseme juu ya mafuta kuna lita 30 za hewa, na injini imetumia lita 3. Hewa ile ile sasa imejaza lita 33, na kanieneo yake imekuwa kama asilimia 91 ya ilivyokuwa. Huko pwani, upungufu huo ni sawa na kuitaka fidi pampu iinue dizeli mita 1.1 zaidi. Ndiyo maana gari la namna hii halizimi mara moja, bali baada ya kilomita kadhaa. Dawa yake ni kuufungua mfuniko: ukisikika mvumo wa hewa ikiingia, na gari likaendelea vizuri, jibu limepatikana. Katika miji ya juu kama Mbeya, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 tu ya ile ya pwani. Hewa inayosukuma mafuta kutoka tangini huwa na nguvu pungufu tangu mwanzo.

Chujio lililoziba hujulikana kwa tabia yake: gari huwaka bila taabu na kutembea polepole bila taabu, lakini hukosa nguvu linapotakiwa kukaza mwendo. Njia iliyoziba hupitisha kidogo, haipitishi kingi.

Maji huingia kwa mapipa machafu, au kwa mvuke wa hewa unaoganda kuwa matone ndani ya tangi lililoachwa nusu usiku wa baridi. Lita moja ya dizeli ina uzito wa kama kilo 0.84, ya maji kilo moja. Kwa hiyo maji hukaa chini kabisa, mahali hasa ambapo bomba huvuta. Kwenye mpaka wa maji na dizeli huweza kuota vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi na kuziba chujio. Chupa nyeupe iliyojazwa dizeli kutoka chini ya tangi na kuachwa usiku mmoja huonyesha yote hayo asubuhi.

Tena kuna udanganyifu wa binadamu. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli huiwasha injini, lakini hulainisha vibaya zaidi, na pampu inayotegemea dizeli kwa ulainisho wake husagika taratibu. Ni kwa sababu ya udanganyifu wa namna hiyo kwamba Tanzania ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta, ili yaliyochanganywa yatambulike.

Gari likitetemeka kwa kukosa silinda moja, injini iachwe ingurume polepole, na nati za mabomba ya nozeli zilegezwe moja moja, kila moja ikikazwa kabla ya kuigusa nyingine. Nati ikilegezwa na mlio ukabadilika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Mlio usipobadilika, hiyo ndiyo iliyolala. Nozeli yake ikibadilishana nafasi na ya jirani na kosa likahama nayo, nozeli ni mbovu. Kosa likibaki palepale, sababu ni nyingine.

PAMPU INAPOKUWA NA HATIA KWELI

Haki inataka isemwe pia kwamba injekta pampu huchakaa. Dalili yake ya kawaida katika magari haya ni gari linalowaka vizuri likiwa baridi, lakini likizimwa baada ya safari ndefu halikubali kuwaka mpaka lipoe. Sababu ni kwamba dizeli yenye joto huwa nyepesi, na ikipata nafasi kati ya vyuma vilivyosagika hupenya na kurudi badala ya kwenda mbele. Ipozwe pampu kwa kitambaa kilicholowa. Gari likiwaka, na ikiwa mafuta safi yasiyo na mapovu yanaifikia, basi shitaka limethibitika. Pampu hiyo ipelekwe kwenye karakana yenye mtambo wa kupimia. Isifunguliwe chini ya mwembe, kwa kuwa vumbi la siku moja hapo lingemaliza kazi ya miaka.

TAHADHARI

Ukungu unaotoka kwenye nozeli hupenya ngozi kama sindano. Jeraha huonekana dogo na huenda lisiume mwanzoni, lakini mafuta yaliyoingia huharibu nyama ya ndani, na aliyeumia ahitaji daktari wa upasuaji siku ile ile. Nozeli haijaribiwi kwa kiganja hata mara moja; mvujo wa upande wa kanieneo kubwa hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, na macho hukingwa.

Mafuta yasivutwe kwa mdomo kutoka tangini. Kiasi kidogo kikiingia mapafuni huweza kuua. Aliyemeza asitapishwe, bali apelekwe hospitali.

Mwisho, njia ya kulegeza nati za nozeli ni ya injini za zamani peke yake. Katika magari mengi ya dizeli ya siku hizi nozeli zote hulishwa na bomba moja la pamoja, ambamo kanieneo hufika mara 1,500 ya ile ya hewa na zaidi, na kazi yote huongozwa na kompyuta. Kulegeza nati hapo injini ikinguruma ni kuhatarisha maisha.

MAJARIBIO KWA DARASA

Darasa lisilo na gari laweza kuyaona yote haya kwa vifaa vichache. Chukua mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, uyaunge kwa mpira mfupi, na kuyajaza maji bila povu. Ukisukuma moja, jingine husogea papo hapo. Kisha acha nafasi ya hewa ndani ya mpira na uzuie bomba la pili kwa kidole: utasukuma, nalo halitasogea mpaka hewa ibanwe. Hilo ndilo povu katika bomba la nozeli.

Kwa jaribio la pili, toboa mrija kwa pini karibu na juu, na ujaribu kunywa. Kisha ziba tundu kwa kidole, unywe tena. Wanafunzi waeleze kwa nini hakuna tone linalotoka tunduni, na wakadirie ni sehemu gani ya gari inayofanana na kidole kile.

Jaribio la tatu ni la karatasi na kalamu. Mwalimu aichore njia yenye sehemu nane ubaoni, afiche moyoni sehemu moja iliyoharibika, na wanafunzi waitafute kwa maswali ya ndiyo na hapana. Watakaouliza katikati watampata mshukiwa kwa maswali matatu.

Mwanafunzi aliyezoea mchezo huo ataukuta tena katika saketi ya umeme isiyopitisha, katika bomba la maji la kijiji lisilofika mwisho, na katika mwili wa mgonjwa unaochunguzwa na daktari. Fundi aliyesema “pampu imekwisha” hakukosa ujuzi wa spana. Alikosa kuuliza swali moja kabla ya kutoa hukumu. Na shule iliyouliza imebaki na gari lake barabarani na kemikali zake katika kabati la maabara, kwa bei ya mpira usiofika urefu wa mkono.